Kabla ya Kununua Kichupa cha Dawa ya Nywele

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniandikia, ingawa karibu kila barua inaniomba nisitaje jina la mwandishi. Ni nywele. Sisemi mitindo ya nywele, la hasha. Nasema nywele zinazomhama mwenyewe.

Mama mmoja wa Umoja anasema kila akichana kichwa asubuhi, kitana kinajaa. Kijana wa Dandora, hata miaka thelathini hajafika, ameanza kuvaa kofia ndani ya nyumba. Binti mmoja wa chuo, mkaazi wa Kayole, anasema panja zake zimekwisha na anaogopa kufungua kilemba mbele ya wenzake bwenini. Na yuko dada wa Kariobangi anayemshuku mke mwenzake kwamba aliokota nywele zake na kuzipeleka kwa mganga. Huyo naye nitamjibu, kwa upole. Wote wanne wanauliza swali moja: je, ile dawa ya miti shamba inayouzwa kando ya njia inafaa?

Dawa yenyewe unaijua. Ukishuka matatu pale Donholm, au ukipita Gikomba na Burma siku ya Jumamosi, utamsikia muuzaji na kipaza sauti chake. Inatibu upara, inatibu mba, inatibu choa, inarudisha nywele zilizokatika, na ikibaki kidogo unaweza kujipaka magotini. Kichupa kimoja shilingi mia tatu, viwili mia tano. Ndani kuna kitu cha kijani kizito chenye harufu kali, na nje hakuna hata karatasi ya kusema kimetengenezwa na nini.

Sitawacheka wanunuzi, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka wa 2011 mwanangu wa kiume, wakati huo akiwa darasa la pili, alirudi kutoka kwa kinyozi na baada ya majuma machache nikaona duara jeupe utosini. Nywele zilikuwa zimekatika karibu na ngozi, na palikuwa na magamba kama unga. Jirani akaniambia ni choa tu, kitu kidogo, akanielekeza kwa mzee mmoja aliyeuza dawa mtaani mwetu. Nikampaka mtoto asubuhi na jioni. Duara likawa mawili. Mzee akasema dawa inavuta ugonjwa nje, niendelee. Nikaendelea mwezi mzima! Siku moja nikamkuta mtoto amelala kifudifudi kwa sababu kichwa hakigusiki. Pale mahali pamevimba kama andazi na panatoa usaha.

Nilipomfikisha hospitalini, daktari alinieleza kitu ambacho laiti ningekijua mapema. Choa cha kichwani husababishwa na kuvu, na kuvu hiyo huingia ndani ya shina la unywele, chini ya ngozi, mahali ambapo dawa ya kupaka, iwe ya mzee wa mtaani au ya duka la dawa, haifiki vya kutosha. Lazima mtoto ameze vidonge, kama vile griseofulvini, kwa majuma sita hadi manane, na asikatize kwa kuwa amepata nafuu. Mwanangu alimeza, akapona. Lakini pale palipotunga usaha palibaki kovu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na juu ya kovu nywele hazioti. Sasa ni kijana wa chuo kikuu. Kila mara akienda kunyolewa hunieleza kwa utani jinsi anavyomwelekeza kinyozi asipunguze sana pale. Yeye hucheka. Mimi hunichoma.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, usidhani naandika haya kwa kuchukia miti shamba. Nyanya yangu alijipaka mafuta ya mbarika maisha yake yote, na alizikwa na kichwa kizima cha nywele nyeupe. Tatizo ni kwamba nywele hung'oka kwa sababu nyingi, na sababu hizo hazifanani. Mti unaosaidia hapa hausaidii pale, na mahali pengine siku unazopoteza ukijaribu ndizo zinazokunyima nywele zako milele.

Kwanza tujue kilicho cha kawaida. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kisha hupumzika kama miezi mitatu, halafu hudondoka na mwingine huota mahali pake. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kazi ya mwili tu. Aliyesuka kwa mwezi mmoja na nusu akafumua atapata fundo kubwa la nywele mkononi na kupiga mayowe, kumbe ni zile za kila siku zilizokuwa zimenaswa ndani ya misuko.

Sasa namgeukia mama wa Umoja, ambaye katika barua yake amesema ana mtoto wa miezi minne. Mama, hujalogwa wala huna ugonjwa wa ajabu. Wakati wa mimba, nywele nyingi huacha kudondoka, ndiyo maana wajawazito wengi huwa na nywele nene za kupendeza. Baada ya kujifungua, homoni zikishuka, zile zote zilizochelewa huingia katika mapumziko pamoja, na miezi miwili hadi minne baadaye hudondoka pamoja. Jambo lilo hilo huwapata watu baada ya homa kali, iwe malaria au homa ya matumbo, baada ya upasuaji, baada ya kujinyima chakula ili kupunguza unene, na hata baada ya msiba mzito. Wengi waliougua Covid-19 mnamo 2020 na 2021 walishangaa kuona nywele zinawatoka wakati wamekwisha kupona. Ukihesabu nyuma miezi mitatu kutoka siku nywele zilipoanza kung'oka, mara nyingi utakipata kisa chenyewe.

Nywele hizi hurudi zenyewe, aghalabu kati ya miezi sita na mwaka.

Hapa ndipo muuzaji wa kichupa anapopatia sifa zake. Mama ameng'okwa na nywele, anahangaika mwezi mmoja, miwili, kisha ananunua dawa. Anapaka. Nywele zinaota. Anakwenda kanisani na kazini akitoa ushuhuda, na hasemi uwongo: alipaka, zikaota. Lakini zingeota hata kama angejipaka maji ya mfereji. Ushuhuda huo ndio unaomfikia mwenye shida nyingine kabisa, ambaye nywele zake haziwezi kungoja. Mimi mwenyewe niliyesukumwa kwa yule mzee, nilisukumwa na jirani ambaye dawa ilikuwa "imemsaidia" baada ya kujifungua.

Na wewe dada wa Kariobangi, ulisema mwanzoni mwa mwaka ulilazwa na homa ya matumbo. Rudi kwenye kalenda uhesabu. Nadhani utamwachia mke mwenzako heshima yake.

Sasa tufike kwenye shida iliyo kubwa zaidi katika mitaa yetu, nayo ni nywele za panja na za kuzunguka paji la uso. Tembea Kariokor au soko lolote lenye wasusi uone: binti ameketi kwenye kiti, wasusi wawili wamemwinamia, na ngozi ya paji la uso imevutwa mpaka nyusi zimepanda. Akitoka hapo anameza vidonge vya maumivu na kulala ameketi. Juu ya misuko hiyo kuna nywele bandia zenye uzito, na chini yake nywele zililainishwa kwa kemikali majuma mawili yaliyopita. Mizizi inavutwa mchana na usiku.

Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walipima jambo hili huko Afrika Kusini, wakatoa matokeo mwaka wa 2007. Miongoni mwa wasichana wa shule waliochunguzwa, 17 katika kila 100 walikuwa tayari na dalili za nywele kuharibiwa na kuvutwa. Miongoni mwa wanawake watu wazima idadi ilikaribia mmoja katika kila watatu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka juu ya nywele zilizolainishwa kwa kemikali, na kwa waliosema ususi uliwauma. Sioni kwa nini vichwa vya Eastlands viwe tofauti na vya Cape Town.

Ubaya wa shida hii ni kwamba ina mlango unaofungwa. Mwanzoni kuna maumivu, vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, na vinywele vifupi vifupi vilivyokatika. Ukiacha kuvuta wakati huo, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, vinyweleo hufa na kuwa kovu. Ngozi huwa laini, inang'aa, matundu hayaonekani. Hapo hakuna mti wa Kenya wala wa nchi nyingine utakaoziotesha. Kwa hiyo mwenye panja zinazopungua anayenunua mafuta na Jumamosi ijayo anarudi kusukwa mistari ya kukaza, huyo anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Yapo pia makovu yanayoanzia katikati ya utosi na kupanuka polepole, hasa kwa wanawake, pamoja na kuwasha au kuungua. Ukiona hivyo usingoje kabisa, nenda kwa daktari wa ngozi.

Kuna wanaoamka siku moja na kukuta kiraka cha duara kisicho na unywele hata mmoja. Ngozi ni safi, haina magamba, haiumi. Hicho si choa. Ni kinga ya mwili iliyokosea na kushambulia vinyweleo, na madaktari huita alopesia areata. Ndiyo aliyokuwa nayo Jada Pinkett Smith, ambaye mzaha kuhusu kichwa chake ulimfanya mumewe kumchapa mchekeshaji kofi jukwaani kwenye sherehe za Oscar mwaka wa 2022. Viraka vya aina hii mara nyingi huota tena vyenyewe ndani ya mwaka, ingawa kwa wengine huenea.

Na hapa, msomaji, miti shamba ina jambo la kusema. Mwaka wa 2002 madaktari wa Baghdad, Iraq, waliwapa wagonjwa 23 maji ya kitunguu kibichi wajipake mara mbili kwa siku, na wengine 15 wakapaka maji matupu. Baada ya majuma sita, 20 kati ya wale wa kitunguu walikuwa wameota nywele. Wa maji walikuwa wawili tu. Miaka minne kabla ya hapo, huko Aberdeen, Uskoti, wagonjwa 86 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapaka kila siku mafuta yaliyokamuliwa kutoka rozimari, lavenda, zaateri na mseda, yakiwa yamechanganywa na mafuta mengine laini. Baada ya miezi saba, 44 katika kila 100 waliona nafuu, dhidi ya 15 katika kila 100 waliopaka mafuta laini peke yake. Hizi ni idadi ndogo za watu, na si ahadi. Lakini kitunguu cha shilingi kumi hakikufilisi. Kikune, kichuje, paka pale kwenye kiraka tu, kisha oga vizuri kabla ya kupanda matatu, kwa faida ya abiria wenzako. Ngozi ikiwa nyekundu sana, acha.

Kijana wa Dandora mwenye kofia, wewe shida yako inatokana na ukoo na homoni za kiume. Mtazame baba yako na wajomba zako. Dawa inayojulikana sana ya kupaka ni minoksidili, na inauzwa katika maduka ya dawa. Mwaka wa 2015 watafiti wa Iran walichukua wanaume 100, nusu wakapaka mafuta ya rozimari na nusu minoksidili ya asilimia mbili. Miezi mitatu ilipita bila tofauti kuonekana. Baada ya miezi sita, makundi yote mawili yalikuwa na nywele zaidi kidogo, na hakuna lililolishinda lingine. Sikiliza lile neno kidogo. Hakuna aliyerudi kuwa na kichwa cha mvulana wa darasa la nane, na minoksidili ikiachwa, zilizoota hudondoka tena. Yule anayekuahidi nywele kwa majuma mawili, mwache aende zake.

Rozimari ni ile inayopandwa kuwa ua kando ya njia na mbele ya nyumba nyingi Nairobi. Lakini angalia: kilichopimwa ni mafuta yaliyokamuliwa, si maji ya majani yaliyochemshwa kwenye sufuria. Maji hayo hayadhuru na yananukia vizuri, ila usiyape sifa za mafuta. Ukipata mafuta yenyewe, usiyapake matupu. Matone manne au matano katika kijiko cha mezani cha mafuta ya nazi yanatosha.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mafuta ya nazi, ambayo dada zetu wa Pwani hawahitaji kufundishwa, hayaoteshi nywele, lakini hupunguza kukatika kwake kwa sababu yanaingia ndani ya unywele, jambo ambalo mafuta mengi hayafanyi. Mbarika ni hivyo hivyo, hulainisha na kukinga. Mafuta ya dukani ni salama, ila mbegu zake ni sumu kali, kwa hivyo usijaribu kuziponda nyumbani palipo na watoto. Mwarobaini husaidia mba na kuwasha. Lakini mtoto mchanga asinyweshwe mafuta yake hata tone. Uwatu na habasoda vinasifiwa sana, na sijaona ushahidi wa kunifanya nivipigie debe. Kule Eastleigh maduka ya Wasomali huuza kasili, unga wa majani ya mkunazi, ambao hutoa povu kama sabuni. Ni wa kuoshea kichwa, na unaosha vizuri sana.

Mshubiri, ambao Waluo huita ogaka na Wakamba kiluma, hutuliza ngozi iliyochomwa na kemikali. Tumia ule ute wa ndani, si yale maji ya manjano ya chini ya ganda, maana hayo huwasha. Na panda wako kwenye mkebe hapo kibarazani. Ule wa mwituni ulivunwa ovyo kiasi kwamba mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku kuuvuna. Anayekuuzia mzigo mzima umeng'olewa na mizizi yake, muulize ameutoa wapi.

Neno moja juu ya piko, ile hina nyeusi ya kupaka nywele na kuchora mikono. Hina ya kweli hutoa rangi ya kahawia au nyekundu. Weusi ule hutokana na kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuvimbisha uso. Ijaribu nyuma ya sikio kwanza, ungoje siku mbili.

Na kile kichupa? Mwulize muuzaji maswali matatu: kimetengenezwa kwa mti gani, nani amekitengeneza, na kiko kwenye daftari la Bodi ya Famasia na Sumu? Akianza kupandisha sauti ya kipaza, umepata jibu.

Hata kama utajaribu mti wako, kuna wakati wa kwenda hospitali moja kwa moja: mtoto mwenye magamba na nywele zilizokatika, kichwa chenye maumivu au usaha, ngozi inayong'aa, au nywele zinazong'oka kichwa kizima kwa zaidi ya miezi sita. Huyo wa mwisho aombe kupimwa damu. Ukosefu wa madini ya chuma ni wa kawaida kwa wanawake wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi, na tezi ya shingoni ikiharibika nywele huwa za kwanza kusema. Omena, ndengu, maini na terere zitafanya kazi ambayo kichupa hakiwezi.

Namalizia na binti wa Kayole. Uliniandikia kwamba arusi ya dada yako ni mwezi ujao na mtindo wa misuko umekwisha kuchaguliwa kwa wasimamizi wote. Zungumza naye leo, kabla hajalipa msusi. Wengine wasuke; wewe funga kilemba cha kitambaa kilekile cha nguo, kisicho cha kukaza. Akikataa kabisa, misuko iwe minene, mifupi, isiyo na uzito, na nywele za panja ziachwe nje bila kuguswa, kisha ufumue baada ya majuma mawili. Lakini kabla ya yote simama karibu na dirisha mchana, mwombe mwenzako akupige picha ya panja zote mbili. Iweke. Piga nyingine baada ya miezi mitatu, mahali papo hapo, kisha uniandikie uniambie kama vile vinywele vifupi bado vipo.